Alipwe Nani? Hakimiliki na Leseni za Muziki wa Mtandaoni

(Mhadhara wa hadhara uliotolewa jijini Dar es Salaam mbele ya wanamuziki, wanasheria na wapenzi wa sanaa)



Nawapa pole mliofika hapa baada ya foleni ya Barabara ya Mandela. Naamini wengi wenu humo garini mlikuwa mkisikiliza muziki, tena kwa simu. Basi mada yetu mmekuja nayo mifukoni.

Kusudi langu jioni hii ni kueleza jinsi kampuni ya muziki mtandaoni inavyopata ruhusa ya kukusikilizisha wimbo, na ni wapi fedha ya ruhusa hiyo inapopotelea kabla ya kumfikia mwenye wimbo. Lalamiko tulilolizoea ni kwamba malipo ni madogo. Ni madogo kweli, na nitaonesha kwa nini. Ila nadai kwamba muziki wetu wa Kiswahili una tatizo linalotangulia hilo: hata mlipaji akitaka kulipa, mara nyingi hajui amlipe nani, na sisi wenyewe hatujamwambia. Nitakwenda kwa hoja tano. Hazilingani kwa urefu, kwa hiyo msinipimie saa.

Hoja ya kwanza: wimbo mmoja, mali mbili

Ukibonyeza wimbo kwenye simu, sikio lako linapokea kitu kimoja. Sheria inaona viwili. Kuna utunzi, yaani maneno na mahadhi, ambao ni mali ya mtunzi au ya kampuni aliyoiuzia haki zake. Halafu kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studio siku fulani kwa gharama ya mtu fulani, nayo mara nyingi ni mali ya lebo au ya yule aliyelipia studio. Sheria Na. 7 ya mwaka 1999 ya hapa kwetu imebeba yote mawili katika jina lake: hakimiliki kwa mtunzi, na hakishiriki kwa mwimbaji, mtayarishaji wa rekodi na mtangazaji.

Chukueni "Jambo Bwana", wimbo wa Them Mushrooms wa Mombasa uliorekodiwa mwaka 1980. Mtunzi wake anajulikana, ni Teddy Kalanda Harrison. Mwaka 1983 kundi la Boney M nalo likauimba kwa namna yake. Leo mtalii aliyeko Hamburg akiusikiliza mtandaoni kwa sauti ya Boney M, fedha ya rekodi inakwenda kwa kampuni yao, na Them Mushrooms hawana dai lolote katika rekodi hiyo. Utunzi, hata hivyo, ulizaliwa Pwani ya Kenya, na sehemu ya mtunzi inapaswa kurudi huko. Itarudi iwapo tu mahali pa kuandika jina la mtunzi, ndani ya kompyuta ya kampuni hiyo, pamejazwa na pamejazwa sawasawa.

Mali hizi mbili hazina nguvu sawa sokoni, na chanzo chake ni cha zamani kuliko simu na redio. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya piano za kujipiga zenyewe, zile zilizoendeshwa kwa karatasi yenye matundu. Mahakama ikasema karatasi hiyo si nakala ya wimbo, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuisoma kwa macho. Watunzi wakalia. Mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo likawapa haki, lakini kwa sharti: wimbo ukisharekodiwa mara ya kwanza, mtu yeyote anaweza kuurekodi tena bila kumwomba mtunzi, mradi alipe senti mbili kwa kila nakala. Senti mbili hizo zilidumu mpaka miaka ya 1970. Zikapita vita kuu mbili za dunia, bei ya mkate ikapanda mara kadhaa, senti zikabaki mbili.

Nawasimulia hayo kwa sababu mtambo ule wa 1909 bado unazunguka. Nchini Marekani, kampuni ya muziki mtandaoni haihitaji kumbembeleza mtunzi ili inakili wimbo wake. Inachukua leseni iliyowekwa na sheria na kulipa kiwango kilichopangwa. Mwenye rekodi sharti abembelezwe. Anaweza kusema hapana. Matokeo yake yanaonekana kwenye mgawo: Kamati ya Bunge la Uingereza ilipochunguza biashara hii mwaka 2021, ilionekana kwamba katika kila pauni 100, takriban 55 huenda upande wa rekodi, 15 upande wa utunzi, na 30 hubaki kwa kampuni ya mtandaoni. Anayeweza kukataa ndiye anayelipwa vizuri. Washairi na watunzi mlioko humu, kumbukeni hilo mnapoambiwa kuwa kazi ngumu ilikuwa ya studio.

Hoja ya pili: leseni hupatikana kwa mabavu ya kukataa

Historia hii inajulikana, nitaipitia haraka. Mwaka 1999 kijana wa chuo, Shawn Fanning, alitoa programu ya Napster, na watu wakaanza kubadilishana nyimbo bure kutoka kompyuta hadi kompyuta. Makampuni ya rekodi yalishtaki mwaka huohuo, na kufikia Julai 2001 Napster ilikuwa imezimwa. Mwaka 2003 Apple ikafungua duka la nyimbo kwa senti 99 kila mmoja. Mwaka 2008 Spotify, iliyoanzishwa Stockholm na Daniel Ek na Martin Lorentzon miaka miwili kabla, ikaja na wazo jingine: msikilizaji hanunui wimbo, analipia mlango wa ghala lote.

Mlango huo haukuweza kufunguliwa bila idhini ya makampuni makubwa ya rekodi, kwa kuwa ghala lisilo na nyimbo zao hakuna ambaye angelilipia. Nayo yalijua. Mbali na malipo ya leseni, yalipata hisa ndani ya Spotify yenyewe. Mwaka 2018 Spotify ilipoingia soko la hisa la New York, Warner, mojawapo ya makampuni hayo, iliuza hisa zake zote kwa dola milioni 504. Fikirini: kampuni ya rekodi inapata fedha ya leseni kwa mkono wa kulia na fedha ya hisa kwa mkono wa kushoto, kisha inakaa mezani kumweleza msanii wake kwamba muziki wa mtandaoni hauna faida.

Wasanii wachache sana wana nguvu kama hiyo. Taylor Swift aliondoa nyimbo zake Spotify mwaka 2014. Mwaka uliofuata aliandika barua ya wazi kwa Apple, iliyotaka kutowalipa wasanii katika miezi mitatu ya majaribio ya bure kwa wateja, na Apple ikabadili msimamo upesi. Makampuni nayo huitumia nguvu hiyo: mwishoni mwa Januari 2024 leseni kati ya kampuni ya rekodi ya Universal na TikTok iliisha bila mapatano, nyimbo zikanyamazishwa kwenye video za watu mpaka Mei, walipoelewana.

Sasa tutazame kwetu. Huduma ya muziki ya Boomplay iliingia sokoni mwaka 2015 ikiwa imepakiwa tayari ndani ya simu za Tecno. Mdundo ilianzia Nairobi na mwaka 2020 ikaorodheshwa kwenye soko la hisa la Copenhagen. Spotify ilitufikia mwaka 2021, ilipotangaza kuingia nchi zaidi ya 80 kwa mkupuo, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo. Katika mazungumzo hayo yote msanii wa Manzese au wa Mtwapa hakuwa mezani. Yeye anaingia kwa kupitia msambazaji wa mtandaoni: anafungua akaunti, anapakia wimbo na picha, anakutana na kurasa nyingi za Kiingereza, anabonyeza neno la kukubali. Ameshatoa leseni. Ni leseni ya muda gani, kwa nchi zipi, na mgogoro utaamuliwa katika mahakama ya mji gani? Ukimuuliza atakwambia, "Wimbo uko hewani, kaka." Na kweli uko hewani.

Tunajua pia nini hutokea msanii wetu akienda mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe wasanii AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni mbili kwa kutumia nyimbo zao mbili kama miito ya simu bila idhini. Kampuni ilikata rufaa, na shauri likapanda ngazi. Wengi hukumbuka kiasi cha fedha. Mimi nakumbuka zaidi kwamba wasanii wale waliweza kuonesha kuwa nyimbo ni zao. Bila hilo kesi isingefika popote. MwanaFA mwenyewe, Mheshimiwa Hamis Mwinjuma, mwaka 2023 aliteuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo, kwa hiyo wizarani angalau kulikuwa na mtu aliyewahi kuonja jambo hili kama mdai.

Wenzetu wa Kenya walikwenda njia ya Bunge. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022 yaliweka mgawo wa miito ya simu kwenye maandishi ya sheria: mwenye haki asipate chini ya asilimia 52, kampuni ya simu asilimia 39.5, na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5. Unaweza kubishana na tarakimu. Ila angalau kuna tarakimu za kubishania, na kwa muziki wa mtandaoni wenyewe hapa kwetu hatuna hata hizo.

Hoja ya tatu: mfuko mmoja kwa wote

Watu huuliza, "Strimu moja ni shilingi ngapi?" Yaani, wimbo ukisikilizwa mtandaoni mara moja, unalipa kiasi gani? Hakuna bei ya strimu moja. Kampuni hukusanya mapato ya mwezi ya nchi fulani, huondoa sehemu yake, na kinachobaki, karibu theluthi mbili kwa Spotify, huwekwa kwenye mfuko mmoja na kugawiwa kwa uwiano wa mara ambazo nyimbo zilisikilizwa.

Nipeni ruhusa ya mfano wa kubuni. Kampuni ina wateja wawili tu. Bi Mkubwa wa Tanga analipa shilingi 10,000 kwa mwezi, na kijana wa Sinza analipa 10,000. Kampuni inachukua 3,000 kwa kila mmoja. Mfuko una 14,000. Bi Mkubwa ana shughuli zake, mwezi mzima amesikiliza taarabu mara 20. Kijana haachi simu hata bafuni, amesikiliza muziki wa Marekani mara 980. Jumla ni mara 1,000, kwa hiyo kila mara moja ni shilingi 14. Mwimbaji wa taarabu anapata shilingi 280. Zile 6,720 zilizobaki katika fedha ya Bi Mkubwa zimekwenda Marekani, kwa watu ambao hajawahi kuwasikiliza na pengine hataki.

Ipo njia nyingine, ambapo fedha ya kila mteja inagawiwa kwa wale aliowasikiliza yeye. Hapo mwimbaji wetu angepata 7,000. SoundCloud ilianza kuitumia mwaka 2021 kwa wasanii wanaojitegemea. Mageuzi mengine yamekwenda kinyume: tangu mwaka 2024 Spotify hailipi upande wa rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 katika miezi 12, na fedha yake inagawiwa kwa nyimbo nyingine. Wanasema ni senti chache zisizomfikia mtu. Labda. Lakini senti chache za nyimbo nyingi ni fedha, na zimehamishwa kutoka kwa wadogo.

Sitaki mtoke hapa mkidhani mfuko wenyewe ni mkubwa. Mwaka 2024 mapato ya muziki uliorekodiwa duniani yalikuwa dola bilioni 29.6. Afrika yote ya kusini mwa Sahara ilivuka dola milioni 100 kwa mara ya kwanza mwaka huo, na sehemu kubwa ya hizo ni za Afrika Kusini peke yake. Kinachotufikia kwa sasa ni kidogo. Ndiyo maana hoja inayofuata naiona nzito kuliko zote: mfuko unakua, na majina yanayoandikwa leo ndiyo yatakayolipwa utakapojaa.

Hoja ya nne: fedha isiyo na jina

Tuanzie tena Marekani, maana huko hesabu ziliwekwa wazi. Kampuni za mtandaoni zilikuwa zikipiga nyimbo ambazo hazikujua watunzi wake. Rekodi ilikuja na jina la mwimbaji na lebo. Jina la mtunzi halikuja. Kesi zikamiminika, ikiwemo ya kampuni ya Wixen iliyoidai Spotify dola bilioni 1.6 mwishoni mwa 2017, na ikamalizwa kwa mapatano mwaka uliofuata. Oktoba 2018 ikasainiwa sheria mpya iliyounda chombo kimoja cha kutoa leseni ya jumla ya utunzi mtandaoni. Chombo hicho kilipoanza kazi mwaka 2021, kampuni zilikikabidhi fedha zilizokuwa zimekaa bila mwenyewe: zaidi ya dola milioni 424.

Dola milioni 424, katika nchi yenye mawakili wengi kuliko daladala zetu. Na sheria ile inaruhusu kwamba fedha isiyodaiwa kwa muda uliowekwa igawiwe kwa wamiliki wengine wa utunzi kulingana na ukubwa wao sokoni. Yaani usipojitokeza, fungu lako linakwenda kwa mkubwa.

Sasa wimbo wa Kiswahili uliosikika zaidi duniani ni upi? Wengi mtasema "Malaika". Miriam Makeba aliuimba dunia nzima. Mtunzi ni nani? Fadhili William wa Kenya aliurekodi na jina lake ndilo lililoandikwa. Adam Salim naye alidai aliutunga miaka ya 1940. Wapo na wengine waliotajwa. Mimi siamui ugomvi huo jioni hii, nina familia. Nasema tu kwamba wimbo mashuhuri kiasi hicho umebishaniwa kwa miongo kadhaa, na kila ubishi ni sababu halali ya mlipaji kushikilia fedha.

Shuka chini kidogo kutoka "Malaika", ukute bahari yenyewe. Kwa miaka mingi nchi hii haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri. Bendi zetu zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam ili zipigwe hewani, na waliotaka santuri walivuka kwenda Nairobi. Kanda za redio hiyo, RTD, zimerithiwa na shirika la utangazaji la TBC. Je, anayezimiliki rekodi hizo ni shirika hilo kwa kuwa ndilo lililonasa sauti? Na utunzi? Hapo mambo yanazidi utamu, kwa sababu bendi nyingi zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na bendi, Umoja wa Vijana walikuwa na Vijana Jazz, jeshi lilikuwa na zake. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na ala zilikuwa za mwajiri. Wimbo aliotunga usiku nyumbani kwake Buguruni, akaufundisha bendi asubuhi, ni wa nani? Mpiga solo aliyebuni ule utangulizi ambao ndio watu wanaukumbuka, yeye ni mtunzi au ni mpigaji tu? Sheria ina majibu ya jumla. Karatasi ya bendi ile, ya mwaka ule, ndiyo ingetoa jibu mahususi, nayo haipo.

Wakati sisi tunatafakari, nyimbo hizo ziko mtandaoni. Kuna anayezipakia kwa mapenzi, na kuna anayezipakia akijiandika mmiliki. YouTube ina mfumo wake wa kutambua sauti, uliopo tangu 2007, ambao humpa mwenye haki uchaguzi wa kuzuia video au kuchukua mapato ya matangazo yake. Mfumo huo unatambua sauti. Uhalali wa mwenye kuisajili hauujui. Hata Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928, anaweza leo kupata "mmiliki" ambaye wakati huo babu yake hakuwa amezaliwa.

Na mpaka si kizuizi kwa muziki, lakini ni kizuizi kwa daftari. Simba Wanyika walitoka Tanga wakavumia Nairobi. Remmy Ongala alitoka Kindu, Kongo, akawa wa Sinza. Samba Mapangala naye ni wa Kongo na jina alilipatia Kenya. Kampuni ya Sweden inayotaka kulipa utunzi wa watu hao ipige hodi wapi? Nchini Kenya mwaka 2017 chama cha MCSK kilinyimwa leseni ya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye haki, na chama kingine, MPAKE, kikapewa. Mwaka 2021 mamlaka ya hakimiliki, KECOBO, iliwafutia usajili wakusanyaji wote watatu wa wakati huo. Tanzania Bara ilikuwa na COSOTA, taasisi ya hakimiliki iliyosimamia na kukusanya kwa pamoja, hadi marekebisho ya mwaka 2022 yalipofungua mlango kwa kampuni za kukusanya na kugawa mirabaha. Zanzibar ina sheria yake na COSOZA yake. Kila badiliko huenda lilikuwa na sababu nzuri. Anayetazama kutoka Stockholm anaona milango inayobadilishwa kitasa kila baada ya miaka michache.

Vijana wa studio msidhani haya ni ya wazee tu. Biti imetengenezwa na prodyuza wa Kijitonyama, maneno ya kiitikio yameandikwa na rafiki ambaye hakulipwa, kolabo imeingizwa kwa WhatsApp kutoka Nairobi, na aliyelipia studio ni mdhamini asiyejua hata jina la wimbo. Wimbo unapakiwa usiku huohuo kwa jina moja. Ukibuma, hakuna neno. Ukipaa, ndipo prodyuza anapoushusha kwa malalamiko ya hakimiliki, nanyi mnajibizana Instagram. Kila rekodi inapaswa kupewa namba ya utambulisho, ISRC, yenye tarakimu na herufi 12, na utunzi una yake, ISWC. Ya kwanza msambazaji hukupa bila wewe kujua. Ya pili haiji mpaka mtunzi asajiliwe kwenye chama. Pengo la namba hii ya pili ndilo shimo linalomeza fedha ya utunzi, na karatasi moja ya mgawo ingelifukia: nani ametunga asilimia ngapi, sahihi, tarehe, kabla wimbo haujatoka studio.

Hoja ya tano: saa ya sheria inakimbia

Mwanamuziki na mtunzi Mbaraka Mwinshehe alifariki Mombasa Januari 1979. Kwa sheria za hapa kwetu na Kenya, utunzi hulindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka. Maana yake tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2029. Rekodi zina saa nyingine: kwa sheria ya Kenya, alikorekodia na kampuni ya Polygram, ni miaka 50 tangu rekodi ilipofanywa. Basi zile za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zimeshatoka kwenye ulinzi wa rekodi nchini Kenya, huku utunzi ulio ndani yake ukiwa bado una mwenyewe. Na ukivuka kwenda Ulaya hesabu inabadilika tena, maana mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliongeza muda wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70.

Kwa hiyo faili moja la sauti linaweza kuwa huru kwa nusu hapa na kufungwa kwingine, na kampuni ya mtandaoni hulazimika kulishughulikia nchi kwa nchi. Kwa warithi hili ni jambo la haraka. Familia ya Solomon Linda wa Afrika Kusini, mtunzi wa "Mbube" ya 1939 aliyeuza haki zake kwa shilingi kumi, ilipata mapatano mwaka 2006 kwa sababu wanasheria walichimbua kifungu cha sheria ya Kiingereza ya 1911, kilichorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo. Sheria hiyo ya 1911 ilitawala makoloni mengi ya Waingereza, nasi tulikuwamo. Wanafunzi wa sheria mlioko humu, mnaotafuta mada ya tasnifu, hiyo nawapa bure.

Mbele yetu

Kuna jambo jipya linalokuja kabla hatujamaliza ya zamani. Juni 2024 makampuni makubwa ya rekodi yalizishtaki Suno na Udio, programu zinazotunga wimbo mzima kwa kuandikiwa maneno machache, yakidai zilifunzwa kwa rekodi zao bila leseni. Mwaka 2025 baadhi ya kesi hizo ziligeuka kuwa mikataba: Universal ilipatana na Udio, na zikatangaza kushirikiana. Mnaona mtindo uleule wa Napster na Spotify: kwanza mahakama, kisha leseni, na anayeitwa mezani ni mwenye orodha ndefu iliyoandikwa vizuri. Lugha yetu nayo itauzwa katika soko hilo. Programu hizo zinaimba Kiswahili, na sauti zilizotumika kuzifunza zilitoka kwa watu.

Kwa miaka michache ijayo ningependa tuone daftari moja la tungo za Kiswahili linaloshirikisha Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi, Lubumbashi na Bujumbura, lililo wazi kwa yeyote kulisoma mtandaoni, likianza na kanda za RTD wakati waliozipiga wangali wanaweza kutuambia nani alipiga besi. TBC inazo kanda, vyuo vina wanafunzi, vyama vina orodha za wanachama. Gharama kubwa ni nauli na chai. Upande wa serikali, naomba leseni ya utunzi mtandaoni ijadiliwe kwa pamoja ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Soko la nchi moja moja ni dogo mno kumfanya mtu wa Stockholm aahirishe mkutano wake mwingine. Na kwa kuwa tungo za Mbaraka zina hadi mwisho wa 2029, ningependekeza daftari hilo lianze na jina lake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakurudishia ukumbi. Kuna mzee hapa mbele amenyoosha mkono tangu nilipotaja NUTA, naomba aanze yeye.